Mzee Aliyekimbia Pole za Watu

Kosa ninalotaka kulitaja hapa halina adhabu katika sheria yoyote, na sikumbuki kulisikia likikemewa kanisani hata siku moja. Ni kosa la kufurahi kimoyomoyo unapompata mtu aliye chini yako, kisha kuipa furaha hiyo jina la huruma. Nimelikuta kwa wasomi na kwa wacha Mungu, kwenye mikutano ya wazazi na kwenye matanga. Kila ninapolikuta hulitambua upesi, kwa sababu nililitenda mwenyewe nikiwa na umri wa miaka kumi, mbele ya kanisa zima, nimevaa sweta ya shule.

Sikuwa nimelifikiria kwa muda mrefu. Wiki chache zilizopita nilikuwa nikipita Kawangware kwa miguu, nikakutana na harufu ya vanishi mbichi inayokauka juu ya mbao ya saiprasi, nikasimama kama mtu aliyeitwa. Fundi aliyekuwa akipaka kabati aliniuliza, "Mathe, unatafuta kitanda?" Nikamjibu kwamba napumzika tu. Haikuwa kweli kabisa. Nilikuwa nanusa mikono ya baba yangu.

Baba alikuwa fundi mbao. Tuliishi Kianda, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, katika chumba kimoja, yeye, mama na mimi, na kila alfajiri alitembea hadi Kawangware, ambako yeye na wenzake walikuwa na kiwanja cha jua kali, yaani cha mafundi wadogo wa kujitegemea, kilichoezekwa nusu kwa mabati na nusu kwa karatasi za nailoni. Watu wa mitaa mikubwa wakitaka kabati la ukuta mzima hawakumtafuta baba. Sifa yake ilikuwa nyingine: alijua kukifanya kitu kimoja kifanye kazi tatu. Kitanda chetu kilisimama juu ya miguu mirefu, na chini yake mlikaa unga, makaa, mitungi ya maji na godoro langu. Meza yetu ilikunjuka ikawa ubao wa kupigia pasi. Nyuma ya mlango palikuwa na rafu nyembamba ambayo mgeni hangeiona mpaka mlango ufungwe. Ufundi huo haufundishwi chuoni. Hufundishwa na chumba cha futi kumi kwa kumi.

Ndiyo sababu Mzee Mutiso alimtafuta. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mkazi wa mtaa jirani wa Olympic, kwenye nyumba yenye lango la buluu ambayo nilipita mbele yake kila siku nikienda shule. Alikuwa amenunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mkate, akataka ligeuzwe nyumba: pawe na mahali pa kulala, pa kupikia na pa kuketi, na vyote viweze kupanda milima bila kikombe kuanguka. Mafundi wenzake baba walicheka wiki nzima. "Wekesa," mmoja alimwuliza, "hili gari ukilimaliza litazaa mkate ama litazaa watoto?" Baba alicheka nao na kuendelea kupiga randa.

Sasa nitaeleza jambo ambalo mimi nililijua baadaye, ili msomaji asipotee kama nilivyopotea. Mkewe Mzee Mutiso alikuwa amefariki miezi michache kabla, akazikwa kwao Machakos. Tangu siku hiyo mzee hakuweza kwenda dukani kununua maziwa bila kupewa pole. Zilikuwako pole za langoni, pole za kwa kinyozi, pole za kanisani zinazoushika mkono wa mtu na kukataa kuuachilia. Watu walizitoa kwa wema, naye akaanza kujificha. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuulizwa: mpaka wa shamba hili unapita wapi, kilima kile kina urefu gani. Sasa hakuna aliyemwuliza kitu. Walimtazama tu na kuinamisha vichwa. Aliwaza kwamba akifika milimani, katika nchi aliyoipima ujanani, kati ya watu wasiomjua, angeweza kukaa mwezi mmoja akiwa mzee tu, wala si mfiwa. Hilo ndilo alilolitaka kwa safari ile. Mengine yote alikuwa nayo Olympic.

Mimi hakuna aliyeniambia. Nilichokiona ni vyombo vikitoka langoni: godoro, sufuria, saa ya ukutani, kiti cha mkono. Vikapandishwa juu ya mkokoteni kupelekwa Kawangware, mzee akitembea nyuma yake, na akina mama waliopanga foleni bombani wakimtazama na kunong'ona, "Maskini Mzee Mutiso." Mtoto wa Kianda hahitaji kuelezwa maana ya picha kama hiyo. Vyombo vya mtu vikipanda mkokoteni na majirani wakasikitika, basi ama tingatinga limefika, ama mwenye nyumba amekuja kung'oa mlango. Nilikuwa nimeyaona mara nyingi, hata najua nani hubeba nini na nani hulia kwanza. Nikahukumu papo hapo kwamba Mzee Mutiso ametolewa nyumbani kwake, na kwamba baba, kwa utu wake, anamtengenezea mahali pa kulala.

Lazima niseme jinsi nilivyolipokea wazo hilo. Shuleni nilisoma pamoja na watoto wa maghorofa ya Nyayo Highrise, na mchezo wao mkubwa ulikuwa kuhesabu vyumba. Kila mmoja alitaja vya kwao, na zamu yangu ikifika walinyamaza ili wasikie vizuri. "Kwenu mtu akitaka kugeuka kitandani," msichana mmoja aliniambia, "lazima atoke nje kwanza." Darasa lilicheka, nami nikacheka nalo, kwa kuwa ndiyo njia ya kuonyesha kwamba hujaumia. Sasa nilikuwa nimempata mtu mzima, msomi, mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni, ambaye kwenye mchezo ule angejibu sifuri. Nilimhurumia, sikatai. Lakini chini ya ile huruma palikuwa na kitu kitamu, nami nilikimung'unya taratibu kama peremende, bila kumwonyesha mtu.

Mama alikuwa Kakamega akimuuguza nyanya, shule zilikuwa zimefungwa, na mzee alitaka fundi awe naye wiki mbili za kwanza ili akaze mbao zitakazolegea njiani. Hivyo nikachukuliwa. Tulipita Limuru asubuhi, na niliposhuka kutazama Bonde la Ufa kwa mara ya kwanza nilidhani dunia imevunjika na kwamba kuna mtu atalaumiwa. Kule Timboroa ukungu uliingia ndani ya gari ukakaa nasi kama abiria, na moshi ukatoka kinywani mwangu, nikaufunga mdomo nikidhani kuna kitu kinachoungua tumboni. Nilikalia kibenchi alichokijenga baba, kichwa changu kikigusa kabati, na kila kona ya barabara ilipotupindua nilisikia vikombe vikigongana polepole nyuma ya komeo bila hata kimoja kuanguka. Baba alikuwa akisikiliza vilevile. Sijapata kumwona tena akiwa na uso ule, wa mtu anayesikiliza wimbo alioutunga mwenyewe.

Kule Iten, mzee alisimamisha gari pale ardhi inapokatika tena na kuanguka hadi Bonde la Kerio. Alishuka, akavua kofia, akaanza kuvitaja vilima vya mbali kimoja kimoja bila ramani, kama mwalimu anayeita rejista.

"Mzee, kwani wewe ndiye uliiweka hii milima?" baba alimwuliza.

"Mimi niliipima tu," mzee akasema. "Na haijawahi kunishukuru."

Katika siku zile nilijitwika jukumu la kumfundisha Mzee Mutiso maisha ya chumba kimoja. Nilimwonyesha jinsi ya kukunja blanketi ili ligeuke mto, jinsi ya kuoga kwa nusu karai, na jinsi ya kuhama na kiti ukifuata kivuli. Alinisikiliza kwa adabu, akarudia alichofundishwa, akauliza maswali. Kadiri alivyoniheshimu ndivyo nilivyozidi kuvimba. Nilimgawia kipande kikubwa cha ugali kwa mkono wangu, nikamtazama akila. Asubuhi nilimkuta ameketi kwenye usukani, amejifunika koti, na kitanda alichojengewa na baba hakijaguswa. Sikujua kwamba mtu aliyelala kitanda kimoja na mkewe miaka arobaini anaweza kushindwa kulala katika kingine. Nilijiambia kwamba ndivyo walivyo waliotolewa nyumbani. Hulala wamekaa ili walinde vyombo vyao.

Jumapili ilitukuta katika kijiji kimoja juu ya Kapsowar, ambako mashamba ya viazi yamelala kwenye miteremko mikali kiasi kwamba nilishangaa viazi haviporomoki. Mzee alikuwa ameomba ruhusa ya kuegesha karibu na kanisa, na baba akasema si vizuri kulala mlangoni pa watu na kukosa ibada yao. Kanisa lilikuwa la mbao, lenye harufu ya moshi, maziwa na makoti yaliyonyeshewa. Tuliketi benchi la tatu. Mweka hazina, mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alisoma matangazo kwa Kikalenjin kisha kwa Kiswahili kwa ajili yetu, na alipomaliza akatuomba wageni tusimame tuwasalimu watu wa Mungu.

Baba alisimama, akasema jina lake na kwamba yeye ni fundi. Mzee alisimama, akasema jina lake na kwamba anapita tu. Nikaona uso wake ulivyokuwa umetulia, nami nikausoma utulivu ule kuwa aibu. Nikaona kwamba hatawaambia. Na kwetu Kianda mtu aliyetolewa nyumbani akifika kanisani, jambo hutajwa, kikapu hupitishwa, na jioni ana blanketi. Nikasimama bila kuitwa.

"Bwana asifiwe," nikasema, kama nilivyowasikia watu wazima wakianza. Walijibu kwa nguvu iliyonitia moyo. "Huyu mzee anaona haya kusema. Ametolewa kwa nyumba yake. Hana kwake, analala kwa gari. Sisi tuko na nyumba. Lakini yeye hana. Naomba mumsaidie."

Wasomaji wa rika langu watanielewa nikisema kwamba nakumbuka kila neno, na kwamba la kuniumiza zaidi si lile la uongo. Ni lile la kweli. "Sisi tuko na nyumba." Niliyatamka maneno hayo polepole, nikayasikia yakifika ukuta wa nyuma wa kanisa. Hakuna hata mmoja pale aliyejua kuna vyumba vingapi.

Mweka hazina alifunga daftari. Akasema maneno machache kwa lugha yao, na ile sauti ya huruma, sauti ya ulimi na meno, ikapita benchi kwa benchi. Wakaanza kuimba. Watu walitoka na kurudi. Palitokea kuku aliyefungwa miguu, kibuyu cha maziwa, blanketi, unga, mboga, na viazi ndani ya ndoo. Kila aliyeleta kitu alimshika mzee mkono kwa mikono miwili, akamtazama machoni, akamwambia neno lile lile alilosafiri nchi nzima kulikimbia. Pole, mzee. Pole sana. Pole.

Mzee Mutiso angeweza kusema, "Mtoto huyu amekosea." Angekuwa amejiokoa kwa maneno matatu, lakini angekuwa amenisimamisha mimi mbele ya kanisa nikiwa mwongo, na baba yangu kando yangu akiwa baba wa mwongo. Aliushika ukingo wa kofia yake kwa vidole vyote. "Asanteni," akasema, mara moja tu, na akaketi.

Ibada ilipokwisha aliingia garini na kuufunga mlango. Kabla hajaufunga alimwambia baba, kwa upole uleule wa kila siku, kwamba kesho yake asubuhi watageuza waende nyumbani.

Baba alinipeleka nyuma ya kanisa. Hakunipiga. Alichuchumaa ili macho yetu yalingane, akanieleza yote: mke, mazishi, pole za watu, nyumba yenye vyumba vinne ambayo bado ilikuwa ya mzee na ambayo hakuna mtu aliyeigusa. "Alitaka mahali pamoja tu ambapo hataonewa huruma," akasema. "Mahali pamoja, Nafula. Na tulikuwa tumefika."

Nimefundisha watoto kwa miaka mingi, na nimewahimiza waseme kweli hata inapowavua nguo, kwa hiyo na mimi nitaisema yangu. Jambo la kwanza nililohisi nyuma ya kanisa lile halikuwa majuto. Lilikuwa hasara. Vyumba vinne. Niliona kama nimenyang'anywa kitu changu, na nikamkasirikia mzee kwa kuwa na nyumba. Ni baada ya hapo, nilipomwona baba akijifuta uso kwa ile mikono yenye vanishi, ndipo majuto yalipoingia, na yalipoingia hayakupata pa kukaa, maana nafasi ilikuwa imejaa kile kitu kingine.

Alinipa mtungi akaniambia nikateke maji, nikirudi niende kumwomba mzee radhi. Kijito kilikuwa chini ya shamba la viazi. Maji yake yalikuwa meupe na baridi, yakipita juu ya mawe kwa kelele nyingi, na hapakuwa na mtu. Niliweka mtungi wangu chini, mahali ambapo niliona ndipo foleni ingeanzia, nikasimama kando yake kungoja. Sijui nilingoja muda gani. Ukungu ulishuka, miguu ikafa ganzi. Kisha nikasikia mtu akiteremka kwa kishindo, naye alikuwa yule mweka hazina, sasa amevaa gamboti na leso kichwani.

"Wewe msichana, unangoja nani hapa?"

"Mwenye maji."

Alinitazama mimi, akautazama mtungi, akatazama kijito juu na chini kana kwamba huenda kweli kuna mtu amejificha. Kisha akacheka mpaka akajishika kiuno. "Mwenye maji yuko juu mbinguni, na leo hauzi. Kwani kwenu maji yana mwenyewe?"

Nikasema ndiyo. Akauliza yanakaa wapi, nikamweleza bomba, foleni na mitungi iliyopakwa rangi ili isibadilishwe. Akauliza nyumba yetu ni ya namna gani, nikamwambia. Alikuwa anauliza kama mtu anayetaka kujua tu, na kila jibu lilinivua kitu. Mwishowe nikajikuta nimemwambia na yale mengine: kwamba mzee hakutolewa popote, kwamba mkewe amekufa, kwamba alikuja huku ili asipewe pole, na kwamba kesho anarudi kwa sababu yangu.

Hakushtuka wala hakunikemea. Alichota maji kwa kiganja akanawa uso.

"Uliposema sisi tuko na nyumba," akauliza, "ulisikia raha?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mimi pia nilisikia raha nilipotoa kuku. Nilimtoa yule mkubwa, na nikaangalia kama wamama wengine wanaona." Akajifuta kwa leso. "Basi tuko wawili. Na hiyo ya mke wake, usimwambie mtu mwingine. Hata mimi sijaisikia."

Alinijazia mtungi, akaubeba yeye mwenyewe mpaka juu. Nilitarajia kwamba angeniongoza hadi mlangoni ili niombe radhi. Badala yake aliniashiria nikae na baba, akaenda kugonga ubavu wa gari kama mtu anayegonga ghala.

Mzee alifungua dirisha dogo. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia, na nilisikia.

"Mzee, viazi vyangu vimekaa shambani siku nne tangu vichimbwe," akasema. "Trekta lililoahidiwa halijaja, na mvua iko pale mlimani, unaiona. Vikinyeshewa vinaoza. Nataka unibebee mpaka barabarani."

Mzee alitazama mlimani. "Mama," akasema, "umeambiwa mimi ni nani?"

"Nimeambiwa uko na gari."

Dirisha lilifungwa. Tulisimama pale, baba, mimi na yeye, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka, na Mzee Mutiso akatoka akiwa amekunja mikono ya shati. Alitazama mteremko, akafumba jicho moja, akauliza kama njia ya chini ina mawe au udongo, na kama daraja lake ni la mbao au la magogo. Mama yule alimjibu kwa kirefu. Walibishana kuhusu daraja. Baba alichukua bisibisi, na kwa muda usiozidi nusu saa akaking'oa kitanda alichokijenga kwa mwezi mzima, akakiegemeza ukutani mwa kanisa na kukifunika kwa nailoni. Sikuona akisikitika. Alipokuwa akikitoa alikuwa akipiga mluzi.

Tulibeba viazi siku tatu. Gari lililokuwa la mkate likawa la matope. Lilishuka likilia kwa mzigo na kupanda likinguruma tupu, na kufikia siku ya pili wanakijiji wengine walikuwa wamekuja na magunia yao, wakiomba zamu. Mzee aliwapangia zamu. Aliwafokea waliojaza kupita kiasi. Walimwita "dereva," na mtu mmoja alimtania kwamba anaendesha kama anayebeba mayai. Mama yule alikuwa amewaambia kwa ufupi, akijitwika sehemu ya kosa, kwamba yeye na mtoto hawakuelewana vizuri kuhusu mambo ya kanisani, na kwamba mzee ana kwake. Juu ya hayo hakuongeza neno. Kuku alirudishwa kwake, akachinjwa, tukamla wote tumesimama kando ya shamba.

Jioni ya siku ya kwanza nilimwendea mzee alipokuwa akichagua viazi, nikasema nilichokuwa nimekipanga. Nilimwambia nilidhani amefukuzwa. Sikuweza kuishia hapo. Nikamwambia kwamba nilipodhani hivyo nilifurahi.

Aliendelea kuchagua. Mikono yake ilikuwa imejaa udongo mwekundu hadi kwenye viwiko. "Sana?" akauliza.

"Sana kidogo."

Alitoa sauti fupi puani ambayo mwanzoni sikuitambua kuwa kicheko. Akasogea, akanipisha nafasi kwenye gunia alilokalia. "Hivi vidogo weka kando," akasema. "Ni vya mbegu. Vilivyokatwa na jembe usivichanganye, vitaozesha vingine." Nikaketi. Tulichagua mpaka mwanga ulipokwisha, na hakuligusa tena jambo lile, wala siku ile wala maisha yake yote. Usiku huo, kwa kuwa kitanda hakikuwamo, alilala juu ya magunia, na asubuhi baba alilazimika kumwamsha.

Baba na mimi tulirudi Nairobi kwa basi wiki mbili zilipotimia, kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa. Mzee alibaki akaumaliza mwezi wake. Lakini siku moja kabla hatujaondoka niliona jambo ambalo ndilo limenifanya niandike haya. Mzee na mama yule walikuwa wameketi wakishona midomo ya magunia kwa shazia, ile sindano kubwa iliyopinda, nami nilikuwa nikiwakatia kamba. Mvua ilikuwa ikipiga bati la ghala. Mzee aliokota kiazi kimoja chenye ganda jekundu, akakigeuza.

"Mke wangu alikuwa akivipenda hivi," akasema. Hakuna aliyemwuliza. Alisema mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Yule mama aliinua macho. "Alikuwa?"

"Alikuwa."

Nilishika kamba nikingoja, kwa sababu nilijua neno linalofuata, na mzee pia alikuwa akilingoja; niliona mabega yake yakijikaza. Mama yule alilitazama gunia lililokuwa mbele yake, akaona mahali ambapo mshono wa mzee ulikuwa umelegea. Akamwekea shazia yake mkononi, ile iliyokuwa kali zaidi.

"Shona na hii," akasema. "Na uniambie alikuwa akivipika namna gani."

Mabega yale yakashuka. Mzee akaanza kushona, na huku akishona akaanza kueleza, vitunguu vingapi na bizari gani, na kwamba mkewe hakuvimenya, na kwamba mtu akivimenya mkewe alikasirika. Alieleza kwa muda mrefu. Mama yule alibisha kuhusu bizari.

Tangu siku hiyo nimejaribu, pengine mara nyingi zaidi nikishindwa kuliko kufaulu, kumwendea aliyefiwa nikiwa na swali au na kazi, si na neno lile peke yake. Nalo neno lile silidharau. Ni zuri likitoka mahali safi. Ila huwa najikagua kabla ya kulitoa, nione kama kuna kitu kitamu chini ya ulimi.

Yule mweka hazina, kijijini kwake walimwita Mama Kiprono, kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo desturi yetu, nami niliondoka pale nisijue jina lake lingine. Nililijua miaka mingi baadaye kutoka kwa Mzee Mutiso, ambaye alikuwa ameliandika kwenye kidaftari chake cha vipimo, katikati ya majina ya vilima. Aliyenisaidia nikiwa sistahili anafaa kutajwa kwa jina alilopewa yeye mwenyewe. Aliitwa Selina Kobilo.